Babu Alisahau, Mola Wako Hasahau



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyetuumba katika udhaifu, akatupa nguvu, kisha baada ya nguvu akaturudisha kwenye udhaifu na mvi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ndugu zangu wa kiume na wa kike katika imani,

Hapa chuoni Mbale mazungumzo yetu mengi ni ya mbele: mtihani, shahada, kazi, ndoa. Kifo tunakisikia siku ya Ijumaa khatibu akikitaja juu ya mimbari, tunainamisha vichwa kidogo, kisha tunatoka kutafuta chakula cha mchana. Uzee hatuutaji kabisa. Tuna miaka 20 na kitu, na uzee tunauona kama mji wa mbali ambao watu wengine ndio wakazi wake. Nami nilikuwa hivyo mpaka likizo ile nilipofika nyumbani Buyenzi, Bujumbura, nikamkuta babu yangu hanijui.

Babu alikuwa mwalimu wa madrasa. Alihifadhi Qur'ani yote akiwa kijana, na kwa zaidi ya miaka 40 watoto wa mtaa wetu walikaa mbele yake juu ya mkeka, kila mmoja na juzuu yake mkononi. Akipita kwenye gereji za Buyenzi, mafundi waliojaa oili mikononi walikuwa wakiweka spana chini wamwamkie, maana wengi wao yeye ndiye aliyewafundisha alifu. Mimi pia ni mmoja wao. Ndiye aliyenifundisha kutawadha, kwenye beseni la plastiki uani, akinishika mkono kila nilipotaka kuanza na wa kushoto.

Ugonjwa ulianza kwa vitu vidogo. Alipoteza miwani, akapoteza tasbihi, siku moja akapoteza njia ya kurudi kutoka msikitini. Kisha yakaanza kumpotea majina. Mwisho zikamchanganyikia aya. Alianza sura moja akatokea katika nyingine, akasimama katikati, midomo ikicheza na macho yakitafuta. Huyu ni mtu ambaye zamani imamu akikosea, alimsahihisha kabla hajamaliza kuvuta pumzi.

Likizo ile nililala naye chumba kimoja ili nimhudumie. Aliniuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Nikamtajia baba yangu, mwanawe wa kumzaa. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. Kisha akauliza, "Umeswali?" Nikamjibu, "Nimeswali, Babu." Baada ya dakika tano: "Umeswali?" Ilikuwa hivyo mchana na usiku. Usiku mmoja aliponiamsha mara ya nne, nilimjibu kwa ukali: "Nimeshakwambia! Mara ngapi?" Akanyamaza. Akageukia ukutani na kujikunja kama mtoto aliyekaripiwa.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu. Aya ya 23 ya Surat Al-Israa, inayotukataza kuwaambia wazazi hata neno dogo la kuchoshwa wanapofikia uzee wakiwa nasi, nilikuwa nimeieleza katika mtihani wa muhula uliopita na nikapata alama nzuri. Wala sikuweza kujitetea kwamba aya imetaja wazazi na huyu ni babu, kwa sababu ninajua kwamba Nabii Yusuf (A.S.) alimtaja babu yake Is-haka na babu wa baba yake Ibrahimu kwa jina hilo hilo la baba. Sikulala tena usiku ule. Asubuhi nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Akanitazama kwa upole. Hakukumbuka lolote. Akaniuliza, "Umeswali?"

Neno lililotuumiza

Katika siku hizo hizo alikuja mtu mzima mmoja kumjulia hali, mtu anayeheshimika msikitini. Alikaa, akamtazama Babu, kisha akasema mbele ya shangazi yangu, bila hata kupunguza sauti, kwamba aliyeihifadhi Qur'ani kwa ikhlasi hapotewi na akili uzeeni. Ukiona imekuwa hivi, akasema, ujue kuna jambo baina yake na Mola wake.

Shangazi hakujibu. Alimpa chai, akamsindikiza mpaka mlangoni. Lakini tangu siku hiyo, kila mgeni alipobisha hodi, alikuwa akiufunga kwanza mlango wa chumba cha Babu. Mtu aliyekuwa fahari ya nyumba akawa siri ya nyumba.

Sitawaficha, ndugu zangu, hata mimi maneno yale yaliniingia. Nilijiuliza usiku: kama Qur'ani aliyoibeba kifuani umri wake wote inaweza kumtoka, basi ilikuwa na maana gani kuibeba? Na mimi ninayekesha nikihifadhi, je, ninatia maji kwenye pakacha? Kifo angalau tunakielewa. Mtu anaondoka na amali zake. Lakini uzee wa namna hii unakuja kabla ya kifo na kuanza kumvua mtu kimoja baada ya kingine, elimu yake, heshima yake, majina ya watoto wake. Anabaki na nini cha kuondoka nacho?

Niliporudi Mbale nilimwendea mwalimu wetu wa tafsiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha hakunijibu. Aliniambia niende maktaba, nisome walichosema al-Tabari na Ibn Kathir kuhusu Surat At-Tin kuanzia aya ya 4 mpaka ya 6, ndipo nirudi kwake.

Walichosema wanazuoni

Katika aya hizo Mwenyezi Mungu anaeleza kwamba amemuumba mwanadamu katika umbo bora kabisa, kisha anamrudisha chini kuliko walio chini, isipokuwa walioamini na wakatenda mema, kwani hao wana ujira usiokatika. Swali la wafasiri ni hili: huko chini kuliko chini ni wapi?

Imamu al-Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria, amepokea kauli zaidi ya moja, na aliyoichagua ni kwamba makusudio yake ni umri dhalili, yaani uzee unaomwondolea mtu nguvu na akili. Basi walioamini wametolewa vipi katika hukumu hiyo, nao pia huzeeka? Jibu ni kwamba uzee huwapata, ila ujira wao haukatiki. Muumini akifikia umri huo akashindwa kufanya aliyokuwa akiyafanya, huandikiwa yale yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa na afya na nguvu zake.

Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774 Hijria, amechagua maana nyingine. Kwake, huko chini ni Motoni. Na hoja yake ndiyo iliyonifanya nisimame pale maktaba na kitabu mkononi. Anasema kwamba lau makusudio yangekuwa uzee, isingefaa kuwatoa waumini, kwa sababu baadhi ya waumini nao hupatwa na uzee huo.

Tazameni, ndugu zangu. Maimamu wawili wakubwa wanahitilafiana katika maana ya aya, na wote wawili wanakubaliana katika jambo moja: muumini anaweza kufikia hali aliyofikia Babu. Kwa mmoja, hilo ni jambo linalojulikana. Kwa mwingine, likitokea, ujira unaendelea. Kwa njia zote mbili, yule mgeni wetu hakuwa na hoja ya kumhukumu.

Ni kweli kwamba iko kauli iliyopokewa kwa Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, kwamba mwenye kusoma Qur'ani harudishwi kwenye umri dhalili. Kauli hiyo ni tumaini zuri, nasi tunaitumainia. Lakini tumaini si mizani ya kumpimia mgonjwa. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe, kama alivyopokea Imamu Bukhari kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas, alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu asirudishwe kwenye umri dhalili, na Saad alikuwa akiwafundisha wanawe maneno ya dua hiyo kama mwalimu anavyowafundisha watoto kuandika. Ikiwa Mtume aliomba kinga ya jambo hili, nani miongoni mwetu anaweza kusema kwamba halimpati ila mnafiki?

Nilirudi kwa mwalimu. Akaniongezea hadithi mbili. Ya kwanza ameipokea Bukhari kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari: mja akiugua au akiwa safarini, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na yuko mjini kwake. Ya pili ni ile mashuhuri ya watu watatu walioinuliwa kalamu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Akaniambia, "Ziweke pamoja hizo mbili. Kalamu ya kumwandikia makosa babu yako imeinuliwa. Kalamu ya kumwandikia mema tunataraji bado inaandika. Sasa niambie, kati yako na yeye, nani yuko katika hali nzuri zaidi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilimpigia simu shangazi nikamsomea kila kitu, polepole. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema atampeleka Babu barazani asubuhi, apate jua.

Swali la Nabii Yaakub

Katika kusoma kwangu nilirudi pia kwenye kisa cha mzee mwingine. Nabii Yaakub (A.S.) aliingia uzeeni akiwa amepoteza mwana, kisha akapoteza macho kwa huzuni. Surat Yusuf inatueleza kwamba msafara wa wanawe ulipoondoka Misri, yeye akiwa mbali alisema anaisikia harufu ya Yusuf, na akatanguliza kwamba huenda watamwona amepungukiwa na akili kwa uzee. Na kweli, waliokuwa naye walimwambia bado yumo katika upotevu wake wa zamani. Nabii wa Mwenyezi Mungu, nyumbani kwake, anaambiwa na watu wake mwenyewe maneno ambayo sisi huwaambia wazee wetu. Naye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kisha mauti yakamjia. Surat Al-Baqara, aya ya 133, inatuonyesha kitanda chake cha mwisho. Wanawe wamemzunguka. Mtu aliyeona aliyoyaona Yaakub angeweza kuuliza mengi: nani atamtunza nani, mali itagawanywaje, nitazikwa wapi. Kinachotajwa pale ni swali moja tu. Aliwauliza wataabudu nini baada yake.

Nilipofika hapo nilifunga msahafu. Nilimkumbuka Babu na swali lake la kila dakika tano. Alikuwa amesahau jina langu, jina la mtaa, jina la mke wake aliyetangulia. Katika nyumba nzima ya kumbukumbu zake kilikuwa kimebaki chumba kimoja chenye taa, na katika chumba hicho mlikuwa na neno moja: umeswali? Mimi nililiona kuwa kero ya mgonjwa. Kumbe ulikuwa wasia.

Maana ya maisha, ambayo watu wanaitafuta katika vitabu vingi, mimi nilikuwa nikiamshwa nayo mara nne kwa usiku mmoja na kuikasirikia.

Siku aliyoondoka

Alifariki likizo iliyofuata, siku ya Alhamisi baada ya Alasiri. Nilikuwapo. Tulimtamkia shahada taratibu, kama tulivyofundishwa. Siwezi kudai kwamba niliisikia kutoka kwake. Niliona midomo ikicheza. Wala sitawaambia kwamba uso wake uling'aa. Ulikuwa uso wa mzee aliyechoka akapata kupumzika, na yaliyo baina yake na Mola wake anayajua Mola wake.

Nilimwosha mimi na ami yangu. Mtume (S.A.W.) aliwaagiza wanawake waliomwosha binti yake waanze na upande wa kulia na viungo vya udhu. Nilipofika kwenye mikono, nikaanza na wa kulia. Nilisubiri, bila kujua ninasubiri nini. Safari hii hakuna aliyenishika mkono kunisahihisha.

Mafundi wa gereji walifunga kazi. Walibeba jeneza kwa zamu. Imamu alipotoa takbira ya kwanza, kila aliyekuwa katika safu akaanza kusoma Fatiha kwa siri, na wengi waliokuwa pale Fatiha hiyo walifundishwa na yule aliyelazwa mbele yao. Ndipo nilipopata jibu la swali langu la pakacha. Qur'ani iliyomtoka kichwani ilikuwa imesimama nyuma ya jeneza lake, safu baada ya safu. Tumefundishwa katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Nilikuwa nikiisoma hadithi ile kwenye karatasi. Siku ile niliiona imevaa kanzu na ovaroli.

Yule mgeni wetu naye alikuwapo, safu ya pili. Nilimpa mkono. Yeye alimkosea Babu kwa neno moja, na Babu hakulielewa. Mimi nilimkosea kwa neno langu, naye alilielewa vizuri kabla hajalisahau. Mwenyezi Mungu atusamehe sote wawili.

Sisi tufanye nini?

Ndugu zangu, Surat Maryam inatuambia kwamba Mola wetu si mwenye kusahau. Kauli hiyo ni bishara na ni onyo. Ni bishara, kwa sababu kila ukurasa ambao Babu aliusoma na ukamtoka umehifadhiwa mahali pasipo na maradhi. Ni onyo, kwa sababu ule ukali wangu wa usiku, ambao Babu aliusahau kabla ya alfajiri, nao pia haujasahauliwa. Mwenye haki alisahau kabla sijamwomba radhi, na mimi nimebaki na istighfari tu.

Basi kwanza, tuchague sasa tunachotaka kiendelee kuandikwa tutakaposhindwa. Hadithi ya Abu Musa inazungumzia yale ambayo mtu alikuwa akiyatenda, yaani mazoea yake. Aliyekuwa na rakaa mbili za usiku ana cha kuendelea kuandikiwa siku atakapolazwa. Aliyekuwa akisema "nikimaliza chuo nitaanza" hana cha kuendeleza. Si lazima kiwe kikubwa. Mama yetu Aisha (R.A.) amepokea kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, hata kama ni kidogo. Ukurasa mmoja wa Qur'ani baada ya Alfajiri, kabla ya kufungua simu, unatosha kuanzia.

Pili, tusiwahukumu wagonjwa kwa kile ambacho ugonjwa umewanyang'anya. Kusahau kwa namna ile ni maradhi, na wazee wetu wana haki ya kupelekwa kwa daktari kama wagonjwa wengine. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama watafute tiba, aliwaambia watafute, kwani kila maradhi yamewekewa dawa isipokuwa moja, nayo ni uzee. Aliyejua kwamba uzee hauna dawa hakusema tuwafungie wazee mlango. Alisema, kama ilivyopokewa na Abu Daud, kwamba katika kumtukuza Mwenyezi Mungu ni kumheshimu Muislamu mwenye mvi na mbebaji wa Qur'ani.

Tatu, turudi nyumbani. Wengi wetu likizo tunatafuta sababu ya kubaki mjini, na kwa wazee tunatuma pesa kidogo kwa simu tukahisi tumemaliza. Pesa zinasaidia, lakini hazimwoshi mtu, hazimgeuzi kitandani, wala hazijibu "umeswali?" kwa mara ya arobaini. Kazi hiyo mara nyingi inafanywa na mama au shangazi mmoja ambaye hajalala vizuri kwa miezi. Nenda ukamwambie, "Leo lala wewe, mimi nipo." Na ukiulizwa swali lile lile, jibu kama umeulizwa sasa hivi. Mimi nilipata nafasi hiyo nikaipoteza usiku mmoja. Wewe huenda unayo bado.

Ewe Mola wetu, tunajikinga kwako na kurudishwa kwenye umri dhalili. Na kama umetukadiria kuufikia, basi usitukatie ujira wetu, na utujaalie watakaotuvumilia. Warehemu wazee wetu walio hai, uwafanyie wepesi wanaowahudumia. Wasamehe waliotangulia, uyapanue makaburi yao, na uyafanye yale waliyotufundisha yawafikie kila tunapoyasoma. Na pindi mauti yatakapotujia, tujaalie swali letu la mwisho liwe juu yako. Amin.

Wabillahi tawfiq.